Naomba ushauri: Toyota Prado TX au TZ-G kwa njia za Kisoro?

Habari zenu wakubwa. Naishi Kampala, ila kila mwezi nashuka Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, na kutoka hapo hadi Nkuringo ni milima na tope. Mvua ikinyesha, kigari changu cha chini kinalala njiani. Nataka Prado 150 iliyotumika Japani, injini ya dizeli ya lita 2.8. Nimekwama kwenye matoleo yake mawili: TX ina springi za kawaida nyuma, TZ-G ina mifuko ya hewa badala ya springi hizo. Raha ya TZ-G naijua, nimepanda ya shemeji. Lakini mfuko ukipasuka kule mlimani, fundi nampata wapi? Au nichukue TX, hela inayobaki ninunue matairi ya tope? Injini ya petroli ya lita 2.7 msinitajie, mlimani inachoka. Mwenye TZ-G aliyeitesa kweli kweli, naomba aniambie.