Siku moja kati ya Tanga na Pangani: yatosha?

Swali:
Wakubwa, shikamooni. Tunateremka kwa gari kutoka Moshi, na tutalala kwenye mahema ufukweni Pangani. Je, siku moja yatosha kuona Mapango ya Amboni, Magofu ya Tongoni na Kisiwa cha Maziwe?

Jibu:
Marahaba. Haitoshi, kwani Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa, hivyo nahodha atafuata maji, si ratiba yenu. Maziwe itengeeni siku yake.

Jibu:
Naunga mkono. Anzeni Amboni asubuhi, mkiwa na tochi, kisha Tongoni, ambako kwenye nguzo za makaburi bado mtaona vishimo vilivyopachikwa bakuli za kaure.

Jibu:
Hema lisikae chini ya mnazi. Letu lilitobolewa na nazi usiku wa manane.