Naomba ushauri: Aquileia na Palmanova kwa siku moja, inawezekana?

Wakuu, habari zenu. Natafuta mbadala wa Venice, mahali pasipo na kusukumana. Nimeegemea Aquileia, mji wa kale kaskazini-mashariki mwa Italia: sakafu ya basilika yake ni mozaiki (picha za vipande vidogo vya mawe) ya karne ya 4, takriban mita za mraba 760, na unaitazama ukitembea juu ya njia za kioo. Treni ya Mestre (upande wa bara wa Venice) kwenda Trieste unashukia Cervignano, kisha basi la Grado linalopita Aquileia, kilomita 8 hivi. Shida ni Jumapili: mabasi hupungua, na ukikosa moja ratiba yote imekufa. Palmanova, ile ngome ya umbo la nyota iliyoanzishwa 1593, iko kwenye reli ya Cervignano–Udine. Je, nianze nayo au nimalizie nayo? Na mizigo watu huiacha wapi?