Tupeane uzoefu: unga, mbegu na asali za "kutibu kila kitu" zilizoingia majumbani kwetu Kigoma na Tabora

Mleta mada, Kibirizi

Wakuu, habari za jioni. Jambo hili limenikaa kifuani wiki ya tatu sasa.

Mama yangu ni mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi, ana kisukari tangu 2017. Vidonge vyake alikuwa hakosi, asubuhi na jioni. Mwezi wa tatu akaja dada mmoja, jirani yetu kabisa, na kopo la unga wa kijani. Akasema ni supafudi: inasafisha damu, inaamsha kongosho, na wapo walioacha dawa. Kopo moja Sh 85,000. Ulikuwa wakati wa mbalamwezi, mitumbwi haiendi ziwani, dagaa wamepanda bei. Mama akauza gunia alilokuwa amelitunza kwa ajili ya ada ya mdogo wangu, akachukua makopo mawili.

Vidonge akavitia kwenye mfuko, akauning'iniza kwenye msumari nyuma ya mlango. Hakutuambia. Baada ya wiki mbili na ushee akawa anamaliza jagi la maji usiku mmoja, anaamka kukojoa mara tano, mara sita. Asubuhi moja tukamkuta amelala tu, ukimwita anajibu kwa shida. Hospitali walipopima, sukari imepanda hadi 29. Amelazwa siku sita.

Aliporudi nikalichukua lile kopo nikalisoma kwa tochi ya simu. Mbele kuna picha ya moyo na jani. Nyuma, chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho: bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Na kwenye viambato, cha kwanza ni unga wa majani ya mlonge. Mlonge tunao, umesimama uani kwetu, mbuzi ndio wanaoufaidi.

Mlonge ni mboga nzuri, sina ugomvi nao. Kinachoniuma ni kwamba mboga ya uani imeletwa kwetu kwa bei ya gunia la dagaa, tena ikaja na maneno yaliyomwachisha mama vidonge.

Aliyepitia haya naomba aeleze: uliuziwa nini, kilitokea nini. Karibuni.

Mchangiaji, Sikonge

Pole sana mkuu, na mama mpe pole zetu.

Sisi ni watu wa asali. Babu alitundika mizinga ya magome, baba akafuata, na mimi bado natundika. Baba mdogo alikuwa na kisukari. Akaja mtu akamwambia asali ya nyuki wadogo haipandishi sukari, tena inakausha vidonda. Akawa analamba vijiko viwili asubuhi, viwili usiku. Kidonda chake cha kidole cha mguu kilianza kama malengelenge ya kiatu kipya. Kile kidole hana tena.

Nasema hivi nikiwa nimelelewa na asali: sehemu kubwa ya uzito wake ni sukari, na inayobaki karibu yote ni maji. Iwe ya nyuki wakubwa au wadogo, inapandisha sukari mwilini. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe kabisa, inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvimudu. Asali ya miombo ni tamu kuliko asali nyingi nilizoonja. Iuzwe kwa utamu wake.

Mchangiaji, Kasulu

Mimi chia, zile mbegu ndogo za kuloweka, ilinisaidia, niseme ukweli. Nilikuwa sipati choo siku nne, tano. Nikaanza kuloweka kijiko usiku, asubuhi nakunywa, mambo yakawa sawa. Lakini aliyeniuzia aliniambia pia inatoa kitambi, nayo hiyo sijaiona. Angalizo moja: msimeze kavu. Ile mbegu inavuta maji na kuvimba. Marekani mwaka 2014 waliripoti mgonjwa aliyekwamwa na chia kooni baada ya kumeza kavu na kushushia maji.

Mchangiaji, Tabora mjini

Nimesita kuandika. Mimi nilikuwa muuzaji.

Mwaka 2021 mume wangu alipata fedha za tumbaku Urambo, akanipa Sh 350,000 nianze biashara. Nikaingia biashara ya mtandao, ile ya kuuza bidhaa na kuandikisha wauzaji wengine chini yako. Semina ilifanyika ukumbi wa hoteli, tulikaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja. Tulifundishwa mambo mawili. La kwanza, neno "dawa" usiliandike popote, liseme kwa mdomo tu. La pili, usianze na bidhaa, anza na maswali: "Mama, unachoka bila sababu? Miguu inawaka moto usiku? Unasahausahau?" Hakuna mwanamke wa miaka hamsini anayelima na kubeba maji atakayejibu hapana. Akishasema ndiyo mara tatu, anakuona unajua ugonjwa wake.

Halafu kulikuwa na mashine. Mteja anashika kijiti cha chuma kwa dakika moja, kompyuta inatoa karatasi: ini, figo, mifupa, madini, kila kitu. Siku moja nimekaa peke yangu kwenye chumba cha biashara nikajipima. Ikasema figo zangu dhaifu. Nikanywa maji kidogo, nikajipima tena, hata robo saa haijapita. Figo nzima, ini ndilo bovu. Nikajipima mara ya tatu, nikapewa mifupa. Nilikaa pale na karatasi tatu mkononi, nikiwafikiria kina mama wote niliokuwa nimewasomea karatasi kama zile wakanilipa.

Sikurudisha fedha za mtu yeyote kwa sababu sikuwa nazo. Nilibaki na makopo kumi na moja chini ya kitanda na deni la kikoba.

Mchangiaji, Kigoma Ujiji (nafanya kazi ya lishe)

Neno "supafudi" halina maana ya kisayansi, ni neno la sokoni. Mwanzoni mwa karne iliyopita lilitumika kutangaza ndizi Marekani. Ndizi hizi hizi! Umoja wa Ulaya tangu 2007 hauruhusu kifungashio kudai faida ya afya bila ushahidi uliokubaliwa.

Mleta mada, ngoja nikuoneshe ujanja ulio kwenye matangazo ya mlonge. Wanasema una vitamini C mara saba ya chungwa, una kalisiamu kuliko maziwa, na kadhalika. Wanalinganisha gramu kwa gramu, mara nyingi wakichukua unga mkavu dhidi ya kitu kibichi. Wewe mtoto wa Kibirizi unajua: kilo ya dagaa wakavu ina protini nyingi kuliko kilo ya dagaa wabichi kwa sababu maji yamekaushwa na jua. Halafu kijiko cha chai cha unga ni gramu chache tu, chungwa moja ni zaidi ya gramu mia. Nani anakula gramu mia za unga wa mlonge kwa siku?

Dagaa unaowala na mifupa yao wana protini na kalisiamu nyingi. Wekundu wa mawese unatokana na karotini, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, na ukiyachoma mpaka yawe meupe umeiunguza. Pamoja na hayo, karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayopandisha lehemu (kolestroli), kwa hiyo nayo yasigeuzwe dawa. Maharage ya Kasulu, matembele, kisamvu. Hivi ndivyo ninavyoandikia wagonjwa, na kuna wanaoondoka hawajaridhika, walitegemea kopo.

Bidhaa za chakula tangu 2019 ziko chini ya TBS (shirika la viwango), dawa ziko TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Ukitajiwa ugonjwa, uliza kibali cha TMDA.

Mchangiaji, Nzega

Mimi ni unga wa lishe. "Nafaka kumi na mbili", mtoto miezi tisa. Mwezi wa pili mstari kwenye kadi ya kliniki umelala, tumbo linajaa gesi, analia. Nesi akaniuliza ile soya ilichemshwa au kukaangwa kabla ya kusagwa? Sikujua. Karanga zilichambuliwa? Sikujua. Akanieleza soya mbichi inazuia tumbo kutumia protini, na karanga au mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara 2016, na kuipika hakuiondoi. Ikishasagwa huioni. Sasa nampikia uji wa mtama, natia dagaa niliowasaga mwenyewe na boga. Mstari umeanza kupanda.

Mleta mada, Kibirizi

Nawashukuru wote. Mama amerudia vidonge, juzi sukari ilikuwa 9.

Dada wa Tabora, nina swali kwako. Yule jirani nilimkuta jana mchangani anaanika dagaa, akaniuliza mama anaendeleaje na kopo la pili. Kwa upole kabisa. Mama yake mzazi naye anautumia unga ule, ana presha. Nimeshindwa kumjibu. Ningeanzia wapi?

Mchangiaji, Tabora mjini

Muulize amebakiza makopo mangapi ndani, na fedha alizonunulia zilitoka wapi. Uliza hilo kwanza, mengine atayaleta mwenyewe. Ya mama yake usiyaache yapite siku hiyo hiyo: muulize kama bado anameza dawa za presha.