Tupeane uzoefu: benki imezuia akaunti yako, inasema "inachunguza"

Bi Kanga wa Majengo

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote. Mwezi huu pekee nimeona watu watatu wakihangaika na jambo hili, nami lilinikuta mwaka jana. Tuliweke hapa tusaidiane. Kila mtu aseme lililomfika mwenyewe, ya kusikia tuyaache.

Mimi nauza leso na madira pale Biashara Street, hapa Mombasa. Akaunti yangu ilizoea kuingia elfu kumi, elfu ishirini, na Idi ikikaribia labda themanini. Sasa sisi ndugu watano tuliuza kiwanja cha marehemu baba huko Ukunda, tukakubaliana pesa zipite kwangu, kisha nimgawie kila mtu haki yake. Jumanne ikaingia milioni 2 na laki 4 kwa mpigo. Alhamisi nataka kumlipa mtu korja kumi za leso, muamala unakataa. Narudia, unakataa.

Nikaenda tawini. Msichana wa kaunta akaandika nambari yangu, akanyamaza, kisha akaigeuza skrini taratibu upande wake nisiione. "Mama, akaunti ina zuio. Utapigiwa simu." Zuio la nini? "Hilo siwezi kukwambia." Nimekaa na benki ile miaka kumi na moja, na siku hiyo nilitoka pale nikihisi kila mlinzi ananitazama.

Simu haikuja. Lakini kilichoniumiza zaidi kilitoka nyumbani. Siku ya tano kakangu mdogo akanipigia, kwa adabu kabisa, akaniuliza: "Dada, hizo pesa zipo kweli?" Nilikaa kitandani na simu mkononi muda mrefu. Pesa za mirathi zina moto wake, na mimi ndiye niliyekuwa nimezishika.

Kilichonisaidia ni karatasi. Nilikusanya mkataba wa mauzo uliosainiwa mbele ya wakili, nakala ya hati ya kiwanja, uamuzi wa mahakama ya Kadhi unaoonyesha warithi na mafungu yao, na uthibitisho wa mnunuzi kuwa alituma kutoka akaunti yake. Nikaandika barua ya ukurasa mmoja: pesa hizi zimetoka wapi, kwa nini zimekuja kwangu, zinakwenda kwa nani na nani. Nikapeleka nakala mbili, moja nikaomba igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Ule muhuri ndio uliobadilisha mambo. Kabla yake kila niliyemkuta alikuwa ananiuliza upya toka mwanzo. Siku ya 19 akaunti ikafunguliwa. Hakuna aliyenieleza neno.

Karibuni.

Mstaafu wa Kaunta

Dada Bi Kanga, pole sana. Nilifanya kazi benki miaka mingi, na naomba nimtetee yule msichana kidogo. Hakukunyima jibu kwa kiburi. Sheria ya mapato ya uhalifu na utakatishaji fedha ya mwaka 2009 inamkataza mfanyakazi wa benki kumdokezea mteja kwamba ameripotiwa. Akikudokeza, anayeshtakiwa ni yeye. Ripoti yenyewe huenda kwa Kituo cha Kuripoti Fedha, kile kinachojulikana kama FRC, na wao ndio wanaoamua kama kuna la kupelekwa kwa wapelelezi. Tangu Kenya iingizwe Februari 2024 kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, yaani orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, benki zimekuwa na macho makali zaidi.

Kilichoripotiwa hakiwezi kusemwa, lakini kuna swali moja unaloweza kuuliza, nalo mkaliulize: nani ameweka zuio? Kwa sababu mazuio hayafanani. Likiwa la benki yenyewe, karatasi kama za Bi Kanga zinaweza kulimaliza. Likiwa agizo la mahakama, meneja hana uwezo nalo hata umlilie. Utahitaji nambari ya kesi, kisha wakili aende mahakamani. Likiwa la KRA, mamlaka ya mapato, kwa deni la kodi, benki imeambiwa tu ikamate, na mazungumzo yako ni na KRA. Nimeona watu wakigombana na tawi wiki tatu kumbe shida iko kwenye ritani za kodi ambazo hawakuwasilisha.

Na agizo la kuhifadhi mali, yaani isiguswe, ambalo Shirika la Kurejesha Mali, la serikali linalofuatilia mali za uhalifu, hulichukua Mahakama Kuu halikai milele. Ni siku 90 tangu litangazwe kwenye Gazeti la Serikali, isipokuwa wawe wamefungua kesi ya kutaka mali itaifishwe. Hesabuni siku hizo, msikae tu.

Kijana wa Likoni

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Yangu ni tofauti, kwa sababu mimi nilikosea.

Naendesha tuktuk. Rafiki yangu tuliyesoma pamoja alinambia ana malipo ya kazi ya mtandaoni, akaunti yake ina tatizo, zipite kwangu, nimtolee, nibaki na elfu tano. Ziliingia mara tatu kwa siku mbili, kutoka kwa watu nisiowajua. Nikatoa taslimu, nikampa tukiwa foleni ya feri. Wiki iliyofuata akaunti ikafungwa, na baada ya hapo nikapigiwa simu na mpelelezi.

Zile pesa zilikuwa za watu waliotapeliwa. Mmoja ni mama mzee aliyedhani anamlipia mjukuu wake karo. Nilionyeshwa jina lake na kiasi chake, na hilo silisahau. Rafiki yangu simu yake haipatikani hadi leo.

Niliambiwa na ami yangu nisiende peke yangu. Nikaenda na wakili kijana, akaniambia niseme ukweli wote na nipeleke jumbe zote kwenye simu, nisifute hata moja. Jumbe zile ndizo zilizoonyesha nani aliyenituma. Miezi minne akaunti ilikaa imefungwa, pamoja na akiba yangu ya kulipia tuktuk. Sijashtakiwa, nimeandikishwa kama shahidi. Lakini lile deni la elfu tano nalihisi kila nikipita feri. Vijana wenzangu, mtu akikuomba akaunti "zipite tu", kataa hata akiwa ndugu yako.

Wakala wa Kilindini

Natoa magari bandarini. Wateja wa bara walikuwa wananitumia ushuru kwenye akaunti yangu binafsi, laki saba hapa, laki tisa pale, na siku hiyo hiyo zinatoka. Ukilitazama kwa jicho la benki, linafanana kabisa na mtu anayesafisha pesa. Walinizuia siku 6 na gari la mteja likaendelea kulipia gharama za kukaa bandarini. Nimefungua akaunti ya biashara, kila mteja anaandika nambari ya chesisi kwenye malipo. Sijasumbuliwa tena.

Abu Salma

Mimi shida ni jina. Jina langu na la babangu, hapa Mombasa ukiita sokoni wanageuka watu kumi. Pesa kutoka kwa dada yangu Dubai zilikwama kwa sababu jina linafanana na mtu aliye kwenye orodha ya vikwazo ya Umoja wa Mataifa. Tarehe ya kuzaliwa haifanani, nchi haifanani. Nilipeleka pasipoti, cheti cha kuzaliwa chenye jina la babu, nikajaza fomu. Siku 11. Mara ya pili ikatokea tena, lakini nilikuwa na barua ya mara ya kwanza, ikaisha kwa siku 2. Iwekeni barua hiyo mahali salama. Inauma kuulizwa kama wewe ni wewe, lakini barua inafupisha.

Mama wa Mishomoroni

Jamani, nasoma hapa machozi yananitoka. Mimi ni mweka hazina wa chama, akina mama 34. Tuligawana faida ya mwaka, kila mmoja akarudisha mkopo wake wiki moja, pesa zikajaa akaunti. Leo siku ya 9 imezuiwa. Wanachama wamekaa barazani kwangu tangu asubuhi, na wawili wana watoto wa kupeleka shule Jumatatu. Nianzie wapi?

Bi Kanga wa Majengo

Pole dada yangu. Kwanza waite ndani wote 34, wasomee barua ya benki kama ipo, na kama haipo waambie hivyo hivyo kuwa haipo. Usilibebe hili peke yako mpaka watu waanze kuhisi vingine. Kisha tafuta cheti cha usajili cha chama, daftari la mikopo lenye sahihi, na muhtasari wa kikao mlichokubaliana kugawana. Waliorudisha mkopo kwa simu watoe jumbe zao. Wenye sahihi zote tatu mwende pamoja, na mumuulize meneja lile swali la mzee Mstaafu kabla ya kingine chochote.

Kesho baada ya alasiri njoo Majengo na daftari hilo. Barua yangu bado ninayo na muhuri wake, tutakaa tuandike ya kwenu.