Banio la Elgin: livunjwe au lirekebishwe?

Mleta mada: Wadau wa mto Fox, Illinois, tuliongee hili kabla halijaamuliwa bila sisi. Ripoti ya wahandisi wa jeshi la Marekani ya 2023 ilipendekeza mabanio tisa, yaani kuta fupi zinazokatiza mto, yaondolewe, kuanzia Carpentersville kushuka hadi Montgomery. La mji wa Elgin pale Kimball Street limo. Mimi napiga kasia, natamani mto upitike. Ila Elgin wanakunywa maji ya mto huohuo, na banio ndilo linalotunza kina penye mdomo wa bomba. Kina kikishuka kiangazi, pampu itavuta hewa na mchanga. Msimamo wangu: lisivunjwe, lirekebishwe lisiendelee kuua watu.

Mtu wa Mtwapa: Lisivunjwe, sawa. Kurekebisha nako sioni haja. Ukuta wenyewe mfupi, maji yanaporomoka kidogo tu. Wanaokufa pale ni ujuaji. Kayaki kanunua jana, leo anaruka banio. Sisi tuliokulia pwani maji tunayaheshimu.

Kigoma Damu: Ujuaji, kaka? Shemeji yangu alifia kwenye banio fupi kama hilo, mto mwingine, hukuhuku Marekani. Kakulia Ujiji, ziwani kila siku, na siku hiyo kavaa boya. Ukitokea juu ukuta huuoni, unaona mstari wa maji basi. Ukishaporomoka, maji ya chini yanajikunja, yanakurudisha ukutani, yanakuzamisha, yanakuibua, yanakurudisha tena. Povu lile limejaa hewa, boya halikushiki. Tulisimama ukingoni tukisubiri waokoaji. Palikuwa na mpira mwekundu wa watoto umenaswa humo, unazama, unaibuka palepale. Tuliondoka usiku bado unazunguka. Usimwite marehemu mjuaji.

Mtu wa Mtwapa: Pole sana ndugu yangu, Mungu amrehemu. Sikumkusudia yeye. Lakini nilisema pwani, nawe umeniletea ziwa. Ziwa halina nguvu ya bahari.

Kigoma Damu: Halina nguvu? Tanganyika ina kina cha zaidi ya mita 1,400, na upepo wake unapindua maboti ya injini! Nenda Kibirizi ukawaulize wavuvi wa dagaa. Nyie kwenu maji yakipwa mnatembea kwa miguu hadi mwambani.

Mtu wa Mtwapa: Tunatembea kwa sababu tunayajua majira yake. Ndiyo maana ya kukulia pwani.

Dada wa Aurora: Jamani, mnashindana juu ya msiba? Na wale wazima moto watatu waliokufa Elgin 1975 wakienda kuokoa, nao walikuwa wajuaji?

Fundi Bomba: Dada, watatu wa 1975 ni wa Binghamton, New York. Elgin ni 1974, wawili. Hoja yako iko palepale: hao walifunzwa kuokoa na bado mto ukawachukua. Ila banio linaweza kubaki bila kuua. Fargo, North Dakota, banio la Midtown kwenye mto Red lilikuwa limemaliza watu. Mwaka 1999 hivi wakalijazia mawe makubwa upande wa chini, yakashuka pole pole kama mteremko. Juu kina hakikupotea, samaki wanapanda, na yale maji ya kujikunja yakaisha. Hata hapa kwetu Yorkville, walipokufa watatu siku moja 2006, ukuta ulikuja kuwekwa ngazi nne, na pembeni ukachimbwa mfereji wa mitumbwi.

Mtu wa Mtwapa: Na mawe nani analipa? Bili ya maji imeshanishinda.

Dada wa Aurora: Kumbe shida ni bili! Ungesema mapema, tusingefika Ujiji.

Mleta mada: Ndugu zangu, mada. Mawe au kuvunja?

Kigoma Damu: Vyovyote mtakavyochagua, ni kazi ya miaka. Jumamosi hii watu wanashuka na kayaki. Mimi nataka maboya ya rangi yafungwe kwa kamba toka ukingo hadi ukingo, juu ya banio, na bango kubwa penye sehemu ya kutoka majini kabla ya kulifikia. Liandikwe na Kiswahili. Wageni wetu wengi waliotoka makambi ya wakimbizi hawajakisoma Kiingereza, na ndio wanaoenda kuvua pale chini ya ukuta, samaki wanapojaa. Nani atakuja nami kwenye kikao cha kuamua banio hili?

Mtu wa Mtwapa: Nitakuja. Andika maneno ya hilo bango, kuchapisha niachie mimi. Lakini ziwa si pwani.