Tupeane uzoefu: mbwa mzee amekatwa mguu kwa saratani, baada ya hapo mlichagua tiba gani?

Mama Simba

Habari zenu wadau. Nina jambo linaninyima usingizi, naomba mliopitia mnisaidie kwa visa vyenu wenyewe.

Simba wetu ana miaka 11, mbwa mkubwa, kilo 38. Alianza kuchechemea mguu wa nyuma tukaambiwa ni viungo vya uzee. Dawa za maumivu zikamtuliza kidogo, kisha juu ya goti pakavimba upande mmoja, pagumu, hataki paguswe. Eksirei ikaonyesha mfupa umeliwa. Mguu umekatwa, nyuzi zimetolewa, kidonda kimefunga vizuri. Anakula, anatembea, na jana kamkimbiza paka mpaka ukutani. Majibu ya maabara ni osteosakoma, yaani saratani ya mfupa. Picha za kifua ni safi.

Daktari ametupa njia tatu: tibakemia (dawa za kupambana na chembe za saratani) ya mshipani, vidonge vya kila siku nyumbani, au tumwache aishi na dawa za maumivu huku tukirudia picha za kifua. Nyumbani tumegawanyika. Mume wangu anasema mzee wa watu ameteseka vya kutosha, aachwe. Mimi nikimtazama Simba simwoni akiteseka. Mlichagua nini, kwa sababu gani, na mbwa mwenyewe aliishi vipi? Msinitajie miezi tu. Nataka kujua siku zake zilikuwaje.

Baba Chui

Pole sana dada, na hongera kwa kuvuka upasuaji.

Chui alikuwa na miaka 10, mguu wa mbele, mfupa wa juu ya kifundo, ugonjwa huohuo. Tulichagua tibakemia ya mshipani, dawa inaitwa karboplatini. Na sisi tulikuwa na kifua safi, tukadhani kazi imekwisha. Daktari akatuketisha chini akatueleza kwamba kwa osteosakoma, mbwa kama 9 kati ya 10 huwa chembe za saratani zimeshatoka mguuni kabla ya kisu kufika, ila ni ndogo mno, eksirei haizioni. Mguu unakatwa ili kuondoa maumivu, kwa sababu mfupa ule unauma kuliko tunavyofikiri na unaweza kuvunjika wakati wowote. Tibakemia inafuata zile zilizokwisha kukimbilia mapafuni. Haizimalizi, inazichelewesha. Aliposema hivyo wazi nilimshukuru, maana kuna watu wanauziwa neno "kupona".

Siku ya dawa ilikuwa hivi. Asubuhi anatolewa damu kwanza, chembe nyeupe za damu zinahesabiwa. Zikiwa chini, mnarudi nyumbani bila dawa. Zikiwa sawa, ananyolewa kiraka kidogo mguuni, kanula inaingizwa, drip inakwenda taratibu na mimi nimeketi sakafuni kichwa chake kiko pajani pangu. Mara nyingi alisinzia. Nusu saa, tumemaliza, anaondoka na bandeji ya kijani anajaribu kuivua kwa meno njiani.

Siku mbili tatu baadaye ndipo chakula kilimchosha. Ananusa bakuli, ananitazama, anakwenda kulala. Tulipewa vidonge vya kuzuia kutapika, tukamchemshia kuku bila chumvi, kufikia siku ya nne anadai sahani. Kipindi cha hatari zaidi hakikuwa hicho bali wiki ya pili, kama siku ya 7 hadi ya 14, chembe nyeupe zinaposhuka chini kabisa. Tuliambiwa tuwe na kipimajoto. Joto la kawaida la mbwa linaweza kufika 39 na kidogo, lakini likipita 39.5 na amenyong'onyea, hakuna kusubiri asubuhi. Baada ya dozi ya pili chembe zilichelewa kupanda, ya tatu ikaahirishwa na kupunguzwa kidogo. Hapakuwa na balaa.

Nywele hazikumtoka. Zilimtoka sharubu, na vile viraka vya kunyolewa vilikaa muda mrefu bila kuota. Mbwa wenye manyoya yanayokua bila kukoma, kama pudo (poodle), hao ndio hunyonyoka.

Jambo moja watu hawaambiwi vizuri: mkojo, kinyesi na matapishi ya siku za kwanza yana dawa. Glavu, maji mengi mahali alipokojoa, na mjamzito asiguse kabisa. Mke wangu alikuwa na mimba wakati ule, kwa hiyo usafi wote ulikuwa wangu.

Chui alivuka mwaka. Mwishoni ilikuwa mapafu, kama tulivyoambiwa. Lakini mwaka ule alikuwa Chui yuleyule, mwizi wa soksi, mlinzi wa mlango. Ningerudia.

Bibi wa Popi

Mama Simba pole. Naleta kisa cha upande wa pili, maana na chenyewe kina haki ya kusikika.

Popi alikuwa na miaka 13. Figo zilikuwa zimeanza kuchoka, damu ilionyesha. Na Popi alikuwa mwoga wa hospitali kupita kiasi. Akishuka tu kwenye gari anatetemeka mpaka meno yanagongana, anajikojolea, lazima afungwe mdomo ndipo aguswe. Baada ya ule upasuaji nilimwona akikataa hata kuusogelea mlango wa gari. Nikajiuliza, nimpeleke kule kila wiki tatu, na katikati vipimo vya damu, ili nimwongezee miezi ambayo robo yake ataishi kwa hofu? Nikasema hapana. Daktari akaheshimu, hakuninunia.

Alipata dawa za maumivu zilizopimwa kwa kuzingatia figo zake, kitanda kinene, na safari zake za asubuhi mpaka kwenye mti wake. Aliishi kama miezi minne. Niliambiwa mapema kuwa kwa kukata mguu peke yake, nusu ya mbwa huwa wameshaondoka ifikapo mwezi wa nne au wa tano, kwa hiyo sikudanganyika. Miezi mitatu na zaidi kati ya hiyo ilikuwa mizuri kweli. Kisha kikaja kikohozi kikavu, halafu pumzi za haraka hata akiwa amelala, halafu siku moja mjukuu kaingia na Popi hakuinua kichwa. Daktari alikuja nyumbani. Hakufungwa mdomo.

Wako watakaokuambia kumnyima kemo, yaani tibakemia, ni kumtupa. Usiwasikilize. Mtazame mbwa uliye naye.

Mdau wa Jimmy

Fupi tu. Kabla ya yote soma karatasi ya maabara neno kwa neno. Jimmy naye alikatwa mguu, kila mtu akatuambia "saratani ya mguu ni kemo". Majibu yakasema sakoma ya tishu laini (siyo ya mfupa), daraja la kwanza, yaani isiyo kali, kingo safi, yaani hakuna chembe za saratani kwenye ukingo wa kilichokatwa. Hiyo mara nyingi inamalizwa na kisu. Hakupewa tibakemia na bado yupo, anazeeka kwa miguu mitatu. Wewe umeshapewa jina, ni osteosakoma, kwa hiyo hali ni tofauti, lakini wengine watakaosoma hapa wasichukue uamuzi wa mbwa wa jirani.

Muuguzi wa Wanyama

Nafanya kazi hii kila siku, niongeze machache. Aliyoandika Baba Chui ni sahihi.

Karboplatini kwa kawaida hutolewa kila wiki tatu, dozi nne hadi sita. Mbwa wa osteosakoma wanaokatwa mguu na kupewa dawa hii, nusu yao hufika karibu miezi kumi hadi mwaka, na kama mmoja kati ya watano huona mwaka wa pili. Hii ni nusu ya kundi, siyo ahadi kwa Simba. Dawa nyingine ni doksorubisini, ambayo dozi zikijumlishana inaumiza moyo, kwa hiyo mbwa mwenye moyo dhaifu hapewi. Sisplatini ilikuwa ikitumika sana zamani, lakini inachosha figo na inadai maji mengi ya drip. Kwa mzee, karboplatini ndiyo rafiki zaidi, ila figo zipimwe kwanza kwa sababu dawa hutoka mwilini kupitia huko.

Mama Simba, uliza pia kipimo cha damu kinachoitwa ALP. Kikiwa juu kabla ya matibabu, kwa ugonjwa huu ni dalili kwamba mambo yataenda kasi zaidi. Hakiamui peke yake, lakini kinasaidia kujua mnaingia kwenye nini. Na picha za kifua ziwe tatu: ubavu wa kulia, wa kushoto, na ya kulala kifudifudi au chali. Picha moja inaficha.

Watu wanafikiria kemo ya binadamu, mtu amekonda, anatapika ndoo. Kwa mbwa dozi hupangwa chini zaidi makusudi, kwa sababu lengo ni maisha mazuri. Wengi wanapata kichefuchefu cha siku chache au kuhara kidogo, wachache sana ndio hulazwa. Umri peke yake haumzuii mbwa kupewa. Figo, moyo, ini na tabia yake ndivyo vinavyoulizwa.

Tafadhali, yeyote asimpe mbwa ibuprofeni au paracetamol ya nyumbani kwa kumhurumia. Na dawa mbili za maumivu za jamii ya karprofeni na meloksikamu hazichanganywi kamwe.

Mlezi wa Bosi

Kuhusu vidonge vya nyumbani. Bosi alipewa siklofosfamidi, tibakemia ya vidonge, ya dozi ndogo kila siku pamoja na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa kuwa dawa ya mshipani ilikuwa kazi kubwa kwake. Faida yake ni kwamba hakuna safari nyingi. Lakini usidhani kidonge ni kitu chepesi. Baada ya muda alianza kuchuchumaa kila dakika, matone tu, kisha mkojo mwekundu. Dawa hiyo inaweza kuchubua kibofu, ikitokea inaachwa siku hiyohiyo. Tuliacha, akatulia. Tulikuwa tunaitoa asubuhi na kumtoa nje mara nyingi ili mkojo usikae ndani, bado ikatokea. Tena daktari wetu alikuwa muwazi kwamba hakuna ushahidi mzuri kuwa vidonge peke yake vinachukua nafasi ya karboplatini kwa osteosakoma. Vidonge havikatwi wala kusagwa, na unavishika kwa glavu.

Mama Simba

Nimesoma kila neno, nimemsomea na mume wangu. Bibi wa Popi, kisa chako kimemgusa zaidi kuliko vyote, kwa sababu ndicho alichokuwa akijaribu kusema.

Swali: Simba ana uzito na miguu mingine ina umri huo huo. Je, ule mguu wa nyuma uliobaki utahimili? Isije tukamwongezea miezi halafu hawezi kusimama.

Mzee wa Tiger

Hilo ndilo swali ambalo mimi ningelitanguliza. Una bahati ni wa nyuma, maana miguu ya mbele ndiyo hubeba kama asilimia 60 ya uzito. Tiger alipoteza wa mbele akajifunza, Simba atajifunza pia. Lakini fanya haya kwa bidii ileile unayofikiria dawa.

Uzito ushuke. Kilo mbili tatu kwa mbwa wa miguu mitatu unaziona kwenye kuinuka kwake. Sakafu inayoteleza ni adui mkubwa kuliko wote: Tiger alianguka sebuleni akagoma kuvuka chumba, tukatandika mikeka ya mpira kuanzia bakuli mpaka kitandani na siku hiyohiyo akavuka. Kucha fupi, nywele za katikati ya vidole zikatwe ili nyayo zishike. Mkanda wa kifuani wenye mshikio mgongoni, umshike anapopanda ngazi. Matembezi mafupi mara nyingi, siyo moja refu la kumfanya ahemee njiani. Na uombe goti na nyonga za mguu uliobaki zipigwe picha kabla hamjaamua chochote.

Wengine hutetemeka au kulia ghafla wakigeukia mahali palipokuwa na mguu. Ni maumivu ya neva, Tiger alipewa gabapentini yakapungua. Usinyamaze ukiona hivyo.

Mama Simba

Nimerudi na majibu wadau. Figo nzuri, moyo mzuri, ALP iko kawaida. Goti lililobaki lina mikwaruzo ya uzee lakini linabeba. Na Simba, tofauti na Popi, anaingia hospitali akitikisa mkia anatafuta nani ana biskuti.

Tumekubaliana karboplatini. Mume wangu ametia masharti yake na nimeyakubali yote, tumeyaandika kwenye karatasi na kumpa daktari nakala: dozi moja kwanza, kisha tunakaa chini. Akikataa chakula zaidi ya siku tatu, au akiacha kutupokea mlangoni kwa wiki nzima, tunaacha, hata kama zimebaki dozi tatu na hata kama kifua bado ni safi. Katika kuacha hakuna atakayemlaumu mwenzake. Dozi ya kwanza ni Alhamisi. Mikeka imeshatandikwa.

Muuguzi wa Wanyama

Mpango mzuri, na daktari wenu atafurahi kuuona umeandikwa. Ongezeni hili: Simba akiwa usingizini kabisa, hesabuni kifua kinapanda mara ngapi kwa dakika. Mbwa aliyelala kwa kawaida hubaki chini ya 30. Anzeni wiki hii akiwa mzima, muandike tarehe na namba, ili mjue ya kwake ni ipi. Ikianza kupanda na kubaki juu, pigieni daktari bila kungoja tarehe ya eksirei.