Mlango wa nje haushiki, nimebadilisha kitasa lakini wapi!

Bado_Nipo: Wakuu habari zenu. Mlango wangu wa nje, wa mbao, una miezi miwili sasa haushiki. Naufunga, unagota kwenye fremu vizuri kabisa, nageuka tu, upepo kidogo unakuja unaachia wenyewe taratibu. Usiku nikitaka kuloki kwa ufunguo mpaka niunyanyue kidogo kwa mkono. Mchana nauegemezea kiti. Fundi alisema kitasa kimechoka, nikanunua kipya akafunga, baada ya siku tatu yale yale. Sasa hivi simu yangu hapokei. Kitasa cha pili nacho kibovu, au kuna kitu sikioni?

Kobe_Mzee: Piga komeo kwa ndani ulale.

Bado_Nipo: Na nikitoka, komeo la ndani atalifunga nani mkuu?

Mpenda_Randa: Jibu umeshaliandika mwenyewe: "mpaka niunyanyue." Kitasa hakina kosa, mlango umeshuka. Ila usiniamini mimi, pima. Kwanza acha mlango wazi, bonyeza ule ulimi wa kitasa unaochomoza ubavuni mwa mlango kwa kidole, uachie. Ukirudi nje kwa nguvu, kitasa ni kizima. Pili, paka chaki kwenye ncha ya ulimi (lipstiki ni nzuri zaidi, ila omba ruhusa kwa mwenyewe), funga mlango, fungua, kisha angalia alama imeangukia wapi kwenye lile bati la fremu. Ikiwa chini ya tundu, mlango umelala. Ikiwa iko usawa wa tundu lakini imeishia pembeni bila kulifikia, mlango hauingii ndani vya kutosha, hiyo ni habari nyingine.

Mama_Watatu: Hiyo habari nyingine ilikuwa yangu. Tulibandika mpira mpya wa kuzuia vumbi kuzunguka fremu, mnene mno, mlango ukawa unasukumwa nyuma. Tulihangaika na kitasa wiki nzima, kumbe mpira!

Bado_Nipo: Nimepima. Ulimi unaruka vizuri. Chaki imekaa chini ya tundu, kama milimita tatu hivi. Nichukue tupa nipanue tundu kwa chini?

Mpenda_Randa: Weka tupa chini kwanza! Ingekuwa milimita moja ningekwambia piga tupa, maisha yaendelee. Tatu ni nyingi, na mlango unaoendelea kushuka utakudai tundu jingine mwezi ujao. Nenda kwenye bawaba ya juu. Hiyo ndiyo inayovutwa na uzito wote wa mlango, kwa hiyo ndiyo inayolegea mapema. Fungua mlango nusu, shika mkono wa kitasa, nyanyua huku mtu mwingine akiitazama bawaba. Ikicheza, umempata mwizi. Kisha jaribu kukaza skrubu zake moja moja. Inayozunguka bila kushika, mbao yake imeshalika.

Mama_Watatu: Na weka kabari chini ya mlango kabla hujatoa skrubu yoyote. Mlango wa nje ni mzito, usije ukakuangukia mguuni.

Bado_Nipo: Inacheza! Skrubu mbili kati ya tatu zinazunguka tu. Nimeitoa moja, fupi haifiki hata urefu wa kiungo cha kidole. Mlango mzito vile umeshikiliwa na hiki?

Mpenda_Randa: Ndivyo wanavyofunga wengi wenye haraka. Toa zilizolegea, jaza matundu njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zibane mpaka zisiingie tena. Acha gundi ikauke, usiku mzima ni salama. Kata zilizochomoza, toboa tundu jembamba katikati, rudisha skrubu ndefu kuliko za mwanzo lakini za unene ule ule, vichwa visije vikakataa kuzama kwenye bawaba. Angalau moja ipite fremu ikashike kilicho nyuma yake. Kama nyuma ni tofali, toboa uweke plagi ya plastiki, skrubu peke yake haishiki tofali.

Kobe_Mzee: Mimi bado nasema komeo.

Bado_Nipo: Mrejesho wakuu. Jana gundi, leo asubuhi skrubu. Nimeusukuma kwa kidole kimoja ukasema "ta!" Ufunguo unazunguka bila kunyanyua chochote. Ila nimeona pembeni ya ulimi wa kitasa kipya kuna kipini kidogo, nacho kinaingia kwenye tundu pamoja na ulimi. Ndivyo inavyotakiwa?

Mpenda_Randa: Hapana, umefanya vizuri kuuliza. Hicho kazi yake ni kubaki kimebanwa na bati ili ulimi usirudishwe kwa kadi kutoka nje. Kikizama kwenye tundu, mwizi mwenye kadi anaingia kama kwake. Inaonekana fundi wako aliacha bati la zamani lenye tundu kubwa. Tafuta lililokuja na kitasa kipya, litakuwa kwenye boksi.

Bado_Nipo: Lipo kwenye boksi, halijafunguliwa hata nailoni yake. Naenda kulifunga.